Miezi Kumi na Minne ya Ngazi za Nyuma

Barua ilimkuta Dokta kwenye stoo ya vifaa, Jumatano asubuhi, amepiga magoti anahesabu spana. Sekretari wa chuo aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Yako hiyo, ya chuo kikuu," akaenda zake. Dokta aliitazama ile bahasha kwa pembe ya jicho, kama unavyomtazama mbwa usiyemjua. Akamaliza kuhesabu spana. Akazihesabu tena. Zilikuwa kumi na saba mara zote mbili, na mle stoo hapakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilimkumbusha kwamba huu ni mwaka wake wa saba wa masomo ya uzamivu. Ilimtaka awasilishe rasimu kamili ya tasnifu, sura zote sita, pamoja na fomu yenye saini ya msimamizi wake kuthibitisha kwamba kila sura imesomwa. Mwisho ni saa kumi alasiri, Ijumaa, siku ishirini na tatu kuanzia siku ile. Akishindwa, jina lake litafutwa, na likishafutwa halirudi.

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, kisha akaona inaonekana, akaihamishia mfuko wa suruali. Sura zilikuwa mbili. Kila mtu aliyemjua aliamini ni nne.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu hilo jina. Huyu bwana hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa mkufunzi wa chuo cha ufundi, anayefundisha vijana pampu na mabomba, umri wake miaka arobaini na sita, na mikono yake haikuwahi kukauka grisi. Lakini siku ile alipopata nafasi ya kusomea uzamivu, mama mkwe wake alitangaza mtaa mzima kwamba binti yake ameolewa na daktari, na mtaa haukutaka maelezo zaidi. Ndani ya wiki moja jirani alikwisha kumletea mtoto mwenye kikohozi. "Mimi ni wa pampu, mama," alimwambia. Yule mama akamjibu kwamba kifua nacho ni pampu. Tangu hapo akawa Dokta, sokoni Dokta, msibani Dokta, na kila walipomwita hivyo alijua anatembea na cheo cha kuazima.

Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri, nisimwonee. Alitaka kujua kwa nini pampu za mkono za vijijini zikiharibika hukaa hata miaka mitatu bila kutengenezwa, wakati kilichoharibika mara nyingi ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja. Alizungukia pampu thelathini na nane. Alizifungua moja moja, akazungumza na wenye visima, akaandika kila kitu kwenye madaftari matatu makubwa. Mtu akimwuliza habari za pampu namba kumi na tisa, alikuwa na uwezo wa kusimulia saa nzima bila kupumzika na bila kukosea. Tatizo lilianza pale alipokaa mbele ya karatasi.

Hapo alikuwa mtu mwingine. Sura ya Kwanza aliiandika mara kumi na moja. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na faili linaloitwa "Sura ya Kwanza Mwisho", jingine "Mwisho Kabisa", jingine "Mwisho Kabisa Mpya", na jingine ambalo kwa aibu sitalitaja. Kila alipotaka kuanza Sura ya Tatu alirudi kuisoma ile ya Kwanza apate nguvu, akakuta sentensi inayomkera, na Jumamosi ikaishia hapo. Na ratiba! Dokta alikuwa fundi wa ratiba. Alizichora kwa rangi nne kwenye karatasi kubwa za manila: kijani ni kusoma, bluu ni kuandika, nyekundu ni kusahihisha, njano ni kupumzika. Alipochelewa wiki mbili hakuandika. Alichora ratiba mpya inayohesabu huko kuchelewa. Ratiba ya nane ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mama Pacha, mkewe, alitaka kuitia fremu.

Lakini kilichomvunja miguu hasa kilikuwa Sura ya Pili. Hiyo aliimaliza, akaichapa, akaipeleka kwa msimamizi wake miezi kumi na minne iliyopita, akaiacha juu ya meza yake kwa mikono yake miwili. Msimamizi alikuwa mama mmoja profesa, mwenye miaka sitini na mbili, ambaye wanafunzi walimwita Wembe kwa sababu kalamu yake ilikata. Wiki ya kwanza kimya. Mwezi kimya. Miezi mitatu kimya. Dokta akatafakari, akafikia uamuzi kwamba sura ile ni mbaya mno, mbaya kiasi kwamba hata Wembe amekosa pa kuanzia kukata.

Basi akaanza kumkimbia. Maktaba ilikuwa ghorofa ya nne na ofisi ya Wembe ilikuwa ya tatu, mkabala na ngazi za mbele, kwa hiyo Dokta akahamia ngazi za nyuma, zile zinazotokea kwenye matangi ya maji na mapipa ya taka. Simu ikionyesha namba ya chuo kikuu aliiacha iite mpaka ichoke. Barua pepe alizifungua kwa jicho moja. Alimwambia sekretari wa Wembe kwamba yuko vijijini kwenye utafiti, na akamwambia hivyo mara mbili akiwa amesimama nyuma ya jengo lile lile. Kwenye fomu ya maendeleo ya mwaka aliandika sura zilizokamilika ni nne. Nyumbani pia akasema nne, kwa sababu uongo ukishaandikwa kwenye fomu unakuwa mzito kuubadilisha.

Sasa saini ya Wembe ilitakiwa, na hapakuwa na ngazi ya kuikwepa.

Unadhani alikwenda siku ile ile? Alikwenda dukani, akanunua manila. Jumatano jioni na Alhamisi nzima alichora ratiba ya tisa, ya siku ishirini na tatu, na alipoimaliza zilikuwa zimebaki ishirini na moja.

Ijumaa saa saba mchana ndipo alipopiga moyo konde. Nguvu hizo hazikutosha kumpitisha mbele. Alipanda kwa nyuma, ratiba imeviringwa kwapani. Alipofika ghorofa ya pili, pale kwenye viti vibovu vilivyotupwa, alisikia mtu anashuka. Akainua macho. Alikuwa Wembe, na mkoba mkubwa begani, ananyata.

Walitazamana labda sekunde mbili. Halafu wote wawili wakageuka. Dokta alikuwa ameshuka ngazi tano alipogundua kwamba nyayo za juu nazo zinakwenda mbali, zinapanda kwa haraka isiyolingana na umri wake. Akasimama. Nyayo nazo zikasimama.

"Shikamoo, Profesa," akasema, akiuambia ukuta.

"Marahaba," ukuta ukajibu. Baada ya muda yule mama akarudi kushuka, polepole, akimtazama miguuni. "Nilikuwa nataka kukutafuta."

"Na mimi nilikuwa nakuja kwako, Profesa."

Walikuwa wanadanganyana mchana kweupe, na kila mmoja alijua. Mikono ya Dokta ilikuwa imelowa hata manila ikaanza kunywea. Akaona heri apigwe mara moja yaishe.

"Profesa, kama ni mbaya sana niambie tu. Miezi kumi na minne nimekaa roho juu. Niambie, nijue moja."

"Mbaya nini?"

"Sura ya Pili."

Wembe aliweka mkoba chini. Akakaa kwenye ngazi, yeye na gauni lake la kazini, juu ya vumbi. "Sijaisoma," akasema.

Dokta hakuelewa. Ilibidi Profesa arudie.

"Sijaisoma, bwana. Uliileta wiki ya kusahihisha mitihani, nikaitia kwenye droo, nikasema Jumamosi. Jumamosi kukawa na kikao. Mwezi ukapita, nikasema nitaisoma vizuri, kwa utulivu, maana nimeshakuchelewesha, siwezi kukupa maoni ya juu juu. Miezi mitatu nikaona aibu. Miezi sita nikawa siwezi hata kuifungua ile droo, natembea nayo kichwani. Pale mbele mlangoni kwangu kuna benchi la wanafunzi, naogopa nitakukuta umekaa. Ndiyo napita huku. Mtu mzima na mvi zangu hizi, nakukimbia wewe."

Ningependa kusema Dokta alicheka. Hakucheka. Alikaa, ngazi tatu chini yake. Alisikia hasira ikipanda, hasira ya mtu aliyeugua mwaka mzima kwa ugonjwa usiokuwepo. Na chini ya hasira kulikuwa na ahueni, na chini ya ahueni kulikuwa na hofu ile ile imekaa, haijaondoka. Maana kama sura haikusomwa, basi bado inaweza kuwa mbaya.

"Nakala ya barua yako nimeletewa," Wembe akaendelea. "Wewe ukifutwa, nami naandikiwa barua ya onyo. Utakuwa wa tatu kufutwa mikononi mwangu. Una sura ngapi?"

"Mbili."

"Kwenye fomu uliandika nne."

"Niliandika nne."

"Nami nikatia saini nne bila kuuliza ziko wapi," akasema yule mama. "Hiyo kwapani ni nini?"

Dokta akaikunjua ratiba. Wembe aliitazama kwa makini, ile kijani, ile bluu, visanduku vyote vilivyopigwa kwa rula.

"Kisima kikikauka watu wanalia, wewe unafika na spana, unaanzaje? Unakaa chini unachora?"

"Nafungua."

"Unaanzia juu kabisa ya mpini, unaupaka rangi?"

"Hapana. Naanzia nilipozoea kukuta tatizo."

"Basi acha Sura ya Kwanza. Usiiguse, usiisome, ikiwezekana mpe mkeo aifiche. Anza na ya Nne, matokeo, ulichokiona kwa macho yako. Ukimaliza hiyo ya Tatu itajiandika, maana ni kueleza tu ulifanyaje. Usisome makala mpya hata moja. Ukikwama jina la mtu, acha nafasi uendelee. Kila siku kabla ya kazi unaandika kurasa tatu, mbovu hivyo hivyo, unazichapa, unaniletea kwa mkono ukienda kazini. Mimi nitazirudisha kesho yake asubuhi. Nisipozirudisha, ingia ofisini unikalie kwenye kiti. Usinipigie simu, nitaiacha iite. Za jana hurudii. Umesikia? Za jana zimekufa mpaka siku tatu za mwisho."

"Zikiwa mbovu sana je?"

"Ndiyo nimesema mbovu. Nami naogopa kama wewe. Tuogope huku tunafanya kazi."

Alipoondoka aliichukua ile ratiba, akaikunja, akaitia kwenye pipa la taka pale chini, naye Dokta akamwacha.

Kesho yake Jumamosi simu iliita, namba ya chuo kikuu. Aliiacha iite mara tano, akaipokea ya sita akiwa amesimama wima kama askari. Wembe hakusalimia. "Nimeisoma. Imenenepa, utapunguza kurasa tisa, nimeshaweka alama. Ila ni nzuri." Kisha akaongeza, "Imenichukua saa moja na robo."

Dokta alikaa kitandani. Saa moja na robo. Aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, akajaribu kuyaweka upande mmoja na miezi kumi na minne upande wa pili, akashindwa.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko Wembe. Mama Pacha alikuwa jikoni anapepeta mchele. Kwa miaka saba mwanamke huyu alikuwa amekwenda peke yake kwenye harusi na misiba, akisema "Baba Pacha anaandika." Alikuwa amewafundisha pacha wao kutembea kwa vidole Jumamosi. Dokta alisimama mlangoni.

"Mama Pacha. Sura si nne."

Aliendelea kupepeta. "Najua."

"Unajua?"

"Mtu mwenye sura nne haruki simu ikilia. Ngapi?"

"Mbili. Na nina siku ishirini."

Hapo ungo ulitulia. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, na Dokta aliogopa kuliko alivyoogopa ile barua, kwa sababu barua haikuwahi kumpikia. "Shangazi yangu nilimzika bila wewe," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilisimama pale kaburini nikawaambia watu mume wangu anaandika. Ulikuwa unafanya nini siku ile?"

Alifikiri kusema uongo, na hata akaupata, ulikuwa mzuri. "Nilikuwa napaka rangi ratiba," akasema.

Mama Pacha aliingia chumbani akafunga mlango. Alitoka baada ya saa nzima, macho mekundu, akaiondolea vitu meza ya kulia chakula: vikombe, chupa ya chai, madaftari ya pacha, vyote chini. "Utaandika hapa," akasema. "Mbele yangu. Kile chumba chako sikiamini tena. Hiyo Sura ya Kwanza iko wapi?" Aliichapa yote, akaifunga kwa kamba, akaitia chini ya godoro upande wake, na faili za kwenye kompyuta akazihamishia kwenye kifaa kidogo alichokining'iniza shingoni na funguo zake.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, Dokta alikaa pale mezani mbele ya ukurasa mtupu na akaona kichefuchefu. Si mfano, ni kichefuchefu hasa. Alikwenda uani akarudi. Saa ya ukutani ilimfanya ajione kama anachinjwa taratibu. Aliandika sentensi moja, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta.

Mama Pacha aliyekuwa anakoroga uji hakugeuka. "Pampu ya kwanza ilikuwa wapi?"

"Nyuma ya zahanati moja."

"Ilikuwa na nini?"

"Mpira umeisha. Ukitia kidole unapita. Na walishaandika barua tatu kuomba fundi, na fundi mwenyewe anakaa nyumba ya nne kutoka pale, ila hakuwa na kibali."

"Andika hivyo."

Akaandika hivyo. Haikuwa na madoido yoyote. Kufikia saa moja kasoro robo alikuwa na kurasa mbili na nusu mbovu kabisa, akazipeleka akiwa amezikunja kama mtu anayepeleka choo maabara. Kesho yake alizikuta kwa sekretari zimerudi, na pembeni Wembe ameandika kwa wino mwekundu: "Fundi wa nyumba ya nne, endelea." Basi. Ndiyo maoni yote.

Nisikudanganye kwamba hofu iliisha. Iliamka naye kila siku, ikakaa naye mezani, na siku nyingine ilimshinda. Siku ya sita aliandika mistari minne tu; akaipeleka hiyo minne, Wembe akairudisha imesomwa. Siku ya tisa alivunja sharti, akaanza kusoma makala ya mtu wa ng'ambo kuhusu visima, akajiona mjinga, akapoteza asubuhi nzima. Siku ya kumi na moja kurasa zake hazikurudi. Alisimama mbele ya meza ya sekretari, nusu ya mwili wake imeshageukia ngazi za nyuma. Kisha akakumbuka aliloambiwa, akaingia, akakaa kwenye kiti. Wembe alikuwa anapanga vitabu ambavyo havikuhitaji kupangwa. Alimwona, akashusha pumzi, akakaa, akazisoma hapo hapo.

Alijifunza mambo madogo madogo. Kwamba akiacha kuandika katikati ya sentensi, kesho yake anajua pa kuanzia, na kichefuchefu hupungua. Kwamba kurasa tatu zilimtosha hata siku alizoona ana nguvu za kumi, kwa sababu akiandika kumi leo kesho huwa maiti. Kwamba mtu anaweza kutetemeka na kuchapa kwa wakati mmoja. Matokeo yakaisha siku ya nane. Namna ya utafiti ilimchukua siku nne. Mjadala ulimtesa, akaumaliza siku ya kumi na saba akiwa amekonda. Mama Pacha akamrudishia Sura ya Kwanza siku mbili kabla ya mwisho, kwa saa moja, akimsimamia, abadilishe pale tu palipopingana na matokeo.

Ijumaa yenyewe, Sura ya Sita ilitoka kwenye printa saa saba na nusu mchana. Kurasa saba. Alikimbia nayo, na safari hii alipita mbele, si kwa ushujaa bali kwa kuwa ni karibu.

Wembe alikuwa na fomu mezani, kalamu mkononi. Aliitazama saa, saa nane na dakika kumi. Aliitazama fomu, pale panaposema sura zote zimesomwa.

"Saini tu, Profesa," Dokta akasema. "Ni kurasa saba za kufunga. Hazina jipya."

"Nilisaini nne zisizokuwepo," akasema Wembe. "Kaa."

Akasoma mbele yake. Kwa miaka saba jambo ambalo Dokta aliliogopa kuliko kifo ndilo hili: mtu asome maneno yake huku yeye anamwona usoni. Alitazama dirisha, akatazama viatu, akarudi kutazama uso ule. Ukurasa wa pili Wembe alikunja nyusi, na Dokta akahisi kama ngazi imechomoka. Ukurasa wa nne alipiga mstari. Wa tano alirudi wa tatu. Saa ilisema nane na dakika arobaini. Wa saba aliusoma mara mbili, akachukua fomu, akaweka saini. "Mstari wa mwisho futa," akasema. "Umekwisha kumaliza kabla yake."

Kwenye dirisha la kupokelea tasnifu kulikuwa na foleni ya watu sita wenye nyuso kama yake. Karani alihesabu nakala bila kusoma neno, akagonga mhuri, akampa risiti. Saa ilikuwa tisa na dakika hamsini na mbili. Dokta alisogea pembeni akashika ukuta, akasubiri furaha. Ilikuja kidogo, ikiwa imechoka.

Alirudi juu kumwachia Wembe nakala ya risiti, akamkuta amesimama katikati ya ofisi, droo ya chini ya meza imevutwa mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na bahasha na rasimu zimelaliana.

"Wako wanne humu," alisema bila kugeuka. "Huyu wa juu ni wa matangi ya mvua. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari. Miezi kumi. Usiondoke kwanza. Nikibaki peke yangu nitaifunga tena."

Dokta akakaa kwenye kile kiti. Wembe akaitoa sura, akaiweka mezani, akapiga simu na kuilaza pale sauti ikiwa wazi. Iliita ikakatika. Akapiga tena. Ikapokelewa.

"Halo? Ni mimi, msimamizi wako."

Kilichosikika ni mtu anavuta pumzi na kuizuia, na Dokta aliifahamu pumzi ile. Wembe akamsogezea Dokta simu.

"Dada," Dokta akasema, "mimi ni mwanafunzi mwenzio. Sura yako haijasomwa. Hakuna aliyesema ni mbaya. Ilikuwa kwenye droo, hakuna aliyeifungua hata ukurasa."

"Haijasomwa?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Haijasomwa."

"Lakini mimi nilishajitoa," ikasema ile sauti. "Niliandika barua miezi miwili iliyopita. Nakala nilimletea Profesa mwenyewe."

Wembe alitazama bahasha zilizobaki kwenye droo, zote zimefungwa bado, barua ile ikiwa mojawapo. Hakuzigusa. Alivuta kiti karibu na meza, akavaa miwani, akaisogeza simu mpaka mdomoni, akafungua ukurasa wa kwanza wa ile sura na kuanza kuusoma kwa sauti, neno kwa neno. Upande wa pili mtu alianza kulia, ila hakukata simu.